Maziwa ya Cherono na Dawa ya Buluu

Mtaa mzima wa Bondeni ulimjua Cherono kwa maziwa yake. Aliyagandisha katika vibuyu vilivyosuguliwa mkaa ndani, kama mama yake alivyofanya kule Molo, na hakuna aliyeingia kwake akatoka na njaa. Ukikataa kikombe cha kwanza alikununia. Ukikataa cha pili alidhani unaumwa.

Mwaka wa sabini na nane mumewe, Kiprugut, alianza kutoa damu chooni. Babake alikufa hivyo hivyo, tumbo likimla polepole, kwa hiyo pale nyumbani kila mtu alijua wanachoogopa. Picha za eksirei hazikuonyesha kitu. Ndipo wakatumwa kwa Daktari Tejinder, aliyerudi kutoka masomoni Japani na mpira mrefu wenye taa, wa kuchungulia utumbo kutokea nyuma.

"Kesho asikule kitu," daktari alionya. "Anywe tu, tumbo ikuwe safi."

Cherono akatii, kwa namna yake. Maziwa si chakula, hunywewa! Jioni akamjazia mumewe kikombe, kisha kingine. Asubuhi daktari aliingiza mpira na kuutoa upesi. Ndani mlikuwa na mabonge ya maziwa na ungaunga mweusi wa mkaa kila mahali.

"Mama, umepea huyu mzee nini?"

"Maziwa tu, daktari. Si ulisema anywe?"

"Nilimaanisha maji na chai ya rangi! Sasa siwezi ona kitu. Mrudi wiki ijayo."

Kiprugut alinuna njia nzima. "Mama Zeddy, utaniua na hayo maziwa yako," alimwambia mkewe walipofika, na juma lile hakumsemesha tena. Neno hilo lilimchoma Cherono. Alijiona ndiye anayempoteza mumewe kwa mikono yake mwenyewe, akawa hata kukamua hawezi bila kulia.

Safari ya pili Kiprugut alikunywa maji matupu. Baadaye daktari aliwaeleza yote. Kwa taa peke yake hakuona kitu. Kisha akanyunyiza dawa ya buluu, nayo ikatuama kwenye vijifereji vya utumbo, kama maji ya mvua yanavyoonyesha mahali uwanja umebonyea. Pakajitokeza kivimbe bapa, chenye rangi ileile ya nyama iliyokizunguka. Akakikata kwa waya mwembamba uliopitishwa umeme.

"Ingegeuka kansa," alisema majibu ya maabara yalipotoka. "Lakini tumeiwahi. Yote imetoka."

Cherono alimshukuru Mungu kwa sauti mpaka nesi akachungulia mlangoni. Kisha, kwa aibu, akaomba msamaha wa yale maziwa. Daktari akacheka.

"Mama, siku ile dawa ya buluu ilikuwa haijafika kutoka Nairobi. Kama mzee angekuja safi, ningeangalia na taa tu, nimwambie yuko sawa, aende nyumbani."

Kiprugut akamshika mkewe mkono mbele ya daktari, jambo ambalo wanaume wa rika lake hawafanyi.

"Asante, Mama Zeddy," alisema.

Wakatoka hivyo hivyo hadi barabarani, Cherono akilia bila kujificha, na Kiprugut hakumwachia.