Nepi za Zibua haziondoki kambani

Saa tatu asubuhi jua limeshaanza kuuma, na mwanamke mmoja amesimama ndani ya mtaro, tope likimfika magotini. Juu yake watu wanapita wameziba pua. Yeye hajaziba chochote. Anaingiza ndoano ndefu ya chuma chini ya kalavati, anaizungusha mara mbili, anavuta. Kitu kizito kinatoka kikitiririka maji meusi.

"Ya kumi na tisa," anasema bila hata kukiangalia, na kukirusha kwenye toroli.

Ni nepi ya kutupa, iliyovimba ikawa kama mto wa kulalia.

"Andika, mwandishi," anasema mwenzake mmoja, ameegemea koleo. "Na hapo sokoni hatujafika."

Wenzake wanamwita Zibua, na jina limemganda kuliko alilopewa na wazazi. Ana miaka thelathini na minne, tisa kati ya hiyo ameimaliza ndani ya mitaro ya mji. Sauti yake inasikika ng'ambo ya barabara. Ana binti wa miezi mitano ambaye tangu azaliwe hajavaa nepi ya kutupa hata moja.

"Mimi nalipwa kuzitoa humu," anasema. "Nitazitiaje? Nizoe asubuhi, nitupe jioni? Huo si uzazi, ni wazimu."

Maneno hayo ni mepesi kuyasema. Kuyaishi kumemgombanisha na wifi yake, na nusura kumtoe kwenye chumba anachoishi.

Mtoto huyo alikuja baada ya miaka sita ya ndoa, miaka ya kuulizwa kila mahali, "Vipi, bado?" Mimba ilipofika miezi minane, Zibua alinunua kitambaa cheupe cha pamba, akakikata vipande ishirini na vinne vya mraba, akapinda kingo zake kwa mkono. Hakuna vifungo wala lastiki. Ni kitambaa bapa, pini na mkunjo.

Siku ya tatu baada ya kujifungua, dada wa mumewe alifika na furushi kubwa la nepi za dukani. Alipoona vitambaa vimepangwa kitandani, akashika kiuno.

"Mtoto mmemtafuta miaka sita, leo unamfunga matambara? Unataka kaka yangu achekwe?"

Zibua anasimulia huku akinawa miguu kwenye bomba la barabarani. "Nilimrudishia furushi kwa mikono miwili, kwa heshima zote. Nikamwambia, wifi, ahsante sana, ila hizi nitakutana nazo tena kazini."

Wifi aliondoka bila kuonja chai. Mpaka leo amenuna.

Mumewe ni fundi viatu. Anafanyia kazi kibarazani, mbele ya chumba chao, na Zibua aliporudi kazini, yeye ndiye alibaki na mtoto. Adhuhuri hii tunamkuta ana kiatu cha mteja katikati ya magoti, mtoto kalala mkekani pembeni. Mtoto anapolia, fundi anaweka kiatu chini, ananawa mikono kwa sabuni, anatandaza kitambaa. Anakikunja pembetatu, anapitisha ncha katikati ya miguu, anabana kwa pini huku kidole chake kikikinga tumbo la mtoto. Dakika mbili hazijafika.

Mafundi wenzake walimwita "Dobi" kwa mwezi mzima.

"Niliwauliza swali moja tu," anasema. "Mikono hii inashika soli zilizokanyaga kila kitu cha mji huu. Leo iogope mavi ya mwanangu mwenyewe?"

Wote wawili hawakuambii kwamba ni rahisi. Maji ni ndoo nne kwa siku, zinazotekwa kwenye bomba la nje. Nepi chafu zinalowekwa kwenye ndoo yenye kifuniko, zinafuliwa, zinachemshwa, zinasuuzwa mara mbili, zinaanikwa juani. Wiki ya mvua, fundi alizikausha moja moja kwa pasi ya mkaa mpaka mkono ukafa ganzi. Na kuna siku mtoto alimlowesha Zibua kifua kizima akiwa kwenye foleni ya kliniki.

"Nililia," anakiri. "Nililia kweli, watu wananitazama. Kisha nikambadilisha, nikarudi kwenye foleni. Kulia si kushindwa."

Vita vyenyewe vilikuwa uani.

Nyumba wanayopanga ina vyumba sita, choo kimoja na kamba moja ya kuanikia, inayopita mbele ya dirisha la mama mwenye nyumba. Jioni moja Zibua alirudi kutoka kazini, akakuta nepi zake zote alizoanika zimo kwenye beseni, mbichi, na kamba imekatwa.

"Wapangaji wapya wakija kuona chumba wanadhani hapa wodi ya wazazi," mama mwenye nyumba alimwambia. "Mwisho wa mwezi uchague, mwanangu. Vitambaa au chumba."

Zibua alizitoa nepi kwenye beseni, akazisuuza upya, akazianika zote kwenye nondo za dirisha lake.

"Chumba kitapata wapangaji wengine, mama," alijibu. "Mtoto huyu mama yake ni mimi peke yangu."

Kwa wiki mbili hawakusalimiana. Fundi alianza kuulizia vyumba mitaa mingine. Zibua alikataa hata kufunga mzigo mmoja.

Kisha Jumapili moja asubuhi, chemba ya maji machafu ikafurika. Uchafu ukapanda, ukatambaa uani, ukasimama kwenye vizingiti. Gari la kunyonya lilishindwa kupenya kichochoroni. Saa nne, mama mwenye nyumba alikuwa mlangoni kwa Zibua, kajifunga khanga puani.

"Mwanangu, kazi hii si ndiyo yako?"

"Ndiyo yangu, mama. Ila leo napumzika. Nitaifanya, lakini usimame hapa hapa mpaka nimalize. Ujionee mwenyewe."

Alivaa mabuti yake, akafunua mfuniko, akaingiza ndoano. Wapangaji wote walitoka kutazama. Ya kwanza ilitoka, akailaza sakafuni. Ya pili. Ya kumi. Zilipofika thelathini na moja, maji yalinguruma chini na kushuka yote kwa mkupuo.

"Hesabuni za kitambaa," Zibua aliwaambia waliosimama.

Hakuna aliyepata hata moja. Wakaanza kutazamana. Ua una watoto wachanga wawili tu: wa Zibua, na mjukuu wa mama mwenye nyumba, anayelelewa chumba cha mbele na binti yake. Binti alikuwa ameinamisha kichwa.

"Nilikuwa naona aibu kuziweka kwenye taka," alisema kwa sauti ndogo. "Choo kilikuwa karibu."

Mama mwenye nyumba alimtazama binti yake, akatazama ile safu ya nepi, akaingia ndani. Zibua aliendelea kumwaga maji na dawa mpaka sakafu ikarudi rangi yake.

Jioni mama huyo alitoka na kamba mpya mkononi.

"Ifunge upande ule wa pili," alisema. "Isiguse dirisha langu."

"Hiyo ndiyo radhi yake," Zibua anasema, akicheka mpaka anashika mbavu. "Mtu mzima haombi radhi kwa kupiga magoti. Nimeipokea."

Habari za Jumapili ile zimetembea. Wiki iliyopita muuguzi wa kliniki alimwomba aje Jumatano awaonyeshe kina mama wajawazito jinsi ya kukunja. Zibua alikubali, lakini akataka na kina baba waitwe.

Muuguzi alicheka. "Dada, wanaume hawaji kliniki."

"Waitwe tu," Zibua alimjibu. "Nitakunja polepole mpaka wafike."