Aliyeitikia Klaudio

Kaka yangu aliitwa Klaudio. Alifia Durban mwishoni mwa miaka ya tisini, kwa homa ya mapafu, na hatukuwa na uwezo wa kumrudisha Kigoma. Hakuacha mtoto.

Kwetu, asiye na mtoto akizikwa, ndugu humwita kwa jina kaburini, na wajina wake huitikia. Asipopatikana wa kuitikia, jina linafukiwa naye. Mama alinisihi kwa simu nisikubali hilo.

Wajina niliyemjua ni mmoja tu, Claude, Mkongo aliyesuka nywele saluni iliyokuwa chini ya fleti niliyokaa na kaka, mtaa wa Berea, hukohuko Durban. Kaka alikuwa akimtania, "Wajina, Wafaransa wamekukata mkia wa jina." Naye alikuwa akimjibu, "Wewe wamekuachia mrefu, unafagia barabara."

Nilipomwomba aitikie, aliinama.

"Dada, kwetu ukiitikia maiti, umejiita mwenyewe. Mimi nilikimbia vita ili nisife. Pardon."

Sikumlaumu. Katekista aliyekuja msibani kutusalisha alitusikia.

"Jina hilo si la kwenu wala la kwake," alisema. "Lilikuwa la ukoo wa makaisari wa Roma. Mgeni aliyepewa uraia alichukua jina la Kaisari, mtumwa aliyeachwa huru vivyo hivyo, hata miji ikaitwa kwalo. Yule jemadari wa Matendo ya Mitume, aliyenunua uraia wake kwa fedha nyingi, naye ni Klaudio Lisia."

"Na huyo Kaisari Klaudio mwenyewe, alikuwa mtu muzuri?" Claude akauliza.

"Aliwafukuza Wayahudi Roma."

"Eish. Basi na sisi angetufukuza. Hao wote walikufa?"

"Wote."

"Na jina iko."

"Lipo."

Hakusema kama atakuja makaburini. Nilipoita mara ya kwanza, palikuwa kimya. Niliita tena, na nyuma ya watu mtu akajibu, "Niko."

Haikuwa sauti ya kaka. Nilidhani ingenipunguzia uchungu. Iliniongezea.

Jioni mimi na Claude tulikwenda duka la simu. Mama alikuwa akisubiri simu misheni. Nilimwambia yupo aliyeitikia. Alilia, kisha akataka nimpe huyo mtu mkono wa simu. Nilisimama karibu, nikamsikia mama akimuuliza.

"Klaudio, umekula?"

Claude alinitazama. Tangu asubuhi hakuwa ametia kitu mdomoni.

"Nimekula, mama," akasema.