Zafarani ya Jaji

Zafarani ilirudi Dubai ikiwa haijafunguliwa. Aliileta mama mmoja mfanyabiashara aliyekuja kununua mapazia, ikiwa ndani ya bahasha ya khaki pamoja na barua fupi iliyochapwa. Mheshimiwa jaji anashukuru kwa ukarimu, ilisema, lakini hawezi kupokea zawadi ya familia ya mlalamikaji, wala hawezi tena kulisikiliza lalamiko lake. Rafiki yangu aliisoma akiwa amesimama dukani kwake, mtaa wa Al Ras, kisha akanipa mimi, kama kwamba machoni pangu huenda ingesema jambo jingine.

Wakati huo nilikuwa karani katika ofisi ya kago jirani na duka hilo. Tulikusanya mizigo ya kwenda Mombasa, na yeye, Mmombasa, aliuza zafarani, iliki, udi na ndimu kavu. Saa ya chakula cha mchana nilikaa kwake kwa sababu kiyoyozi chetu kilikuwa kibovu. Mimi ni mtu wa bara, na hilo hakuliacha lipite.

"Nyinyi wabara chai mwaichemsha kama mwachemsha nguo," aliniambia siku ya kwanza, akanimiminia yake.

Mdogo wake alichukuliwa Mombasa jioni moja akifunga duka lake la dawa. Gari lilisimama, watu waliovaa kiraia wakamwita kwa jina lake kamili, akaenda nao. Mama yao alizunguka vituo vyote vya polisi, na kila kituo kikamwambia hakina mtu huyo. Askari mmoja alimvuta kando akamnong'oneza kwamba waliomchukua ni watu wa ujasusi. Hakumwambia aende wapi sasa, na nadhani hakujua. Kituo cha polisi kina kaunta ambapo mtu husimama akauliza. Idara ya ujasusi haina.

Toka hapo familia iliacha kulitaja jina la kijana huyo kwenye simu. Walimwita mgonjwa. Nilimsikia rafiki yangu mara nyingi akimuuliza mama yake kama mgonjwa ametoka, akisikiliza, kisha akihamia kwenye habari za mvua.

Mimi ndiye niliyemwambia habari za bodi. Nilikuwa na mazoea ya kusoma magazeti ya nyumbani kwenye simu, hadi matangazo ya vifo. Sheria ilikuwa imeunda bodi ya kusikiliza malalamiko ya raia dhidi ya idara ya ujasusi, yenye uwezo wa kudai majalada yao na kuuliza nani anashikiliwa wapi. Lakini kwa muda mrefu haikuwa na watu. Siku nilipoona kwamba jaji mstaafu ameteuliwa kuwa mwenyekiti, nilimsomea rafiki yangu habari yote.

"Rudia hapo," alisema.

"'Mwanasheria huru, asiye mtumishi wa idara wala wa serikali.'"

"Huru." Aliweka chini mizani. "Haya, na huyo huru ana simu?"

Hatukuhitaji simu. Jaji alikuja Dubai kumtembelea binti yake aliyefanya kazi Silicon Oasis, na binti akamleta Al Ras kumnunulia mama yake zafarani. Walipita maduka kadhaa wakaingia hili. Nilimtambua kwa picha ya gazetini, nikamnong'oneza rafiki yangu kwa nyuma. Mikono yake ilisita juu ya debe la iliki, kisha akaanza kufanya yale ambayo mtu wa Mombasa hufanya. Alileta kiti, kahawa na tende.

"Karibu, mheshimiwa. Hapa ni kwenu."

Jaji alikuwa mtu mpole. Aliuliza anatoka mtaa gani, akauliza mama yake yu hali gani. Ndipo rafiki yangu alipomweleza habari za mdogo wake, kwa sauti ya chini, akilitaja jina lake kwa mara ya kwanza mbele yangu.

Jaji aliisukuma kahawa kando. "Usinieleze mimi hapa, kijana. Familia ilete lalamiko ofisini, kwa maandishi. Tutalipokea kama la mtu mwingine yeyote."

"Nimekufahamu, mheshimiwa."

Alipotaka kulipia zafarani, rafiki yangu alicheka. "Lipa kwa mwingine, mzee wangu. Mimi wataka kunitia aibu?" Jaji alikataa. Binti, aliyeona haya, alikipokea kikebe cha zafarani na kukitia mkobani, wakaondoka.

Shemeji ya rafiki yangu, mke wa mdogo wake aliyechukuliwa, alisafiri kwa basi hadi Nairobi na kuwasilisha lalamiko. Lilipokelewa na kupigwa muhuri. Jibu lake ndilo lililokuja na zafarani.

"Sasa ningefanya nini?" rafiki yangu aliniuliza. "Mtu mzima kaingia kwangu, kakaa, kaniulizia mama yangu. Nimuuzie?"

Nilitafuta wa kumlaumu nikamkosa. Tulitaka mtu ambaye hanunuliki, tukampata, na uadilifu wake ukatufungia mlango. Sheria ilitaka wanasheria wawili kwenye bodi, ili mmoja akijitoa, mwenzake ashike. Wa pili hakuwa ameteuliwa. Nilipiga simu ofisi ya bodi.

"Jina likipitishwa mtajulishwa," karani alisema.

"Limeshapelekwa?"

"Jina lipi?"

Nilipiga tena miezi iliyofuata, nikapokelewa na karani mwingine, ambaye hakulijua hata lalamiko lenyewe. Muda wa jaji ukaisha, akaondoka. Rafiki yangu alisema khalas, nisipige tena. Kila simu yangu ilimfanya mama yake asubiri kitu.

Niliondoka Dubai kabla ya yeye kuondoka. Hadi mara ya mwisho tuliposemezana, shemeji yake alikuwa amemwendea kadhi kuuliza kama anapaswa kukaa eda. Kadhi alimwambia hawezi kumpa hukumu ya mjane bila habari ya kifo. Basi hajakaa eda.