Shofeli Aliyepewa Shoka Mahali pa Funguo

Zamani za vita nilikuwa napikia wafanyakazi wa depo moja ya kahawa, Butembo. Shofeli wetu mkubwa, dereva wa lori la kahawa, alikuwa mtu wa Mutwanga, mwimbaji wa koro ya kanisa, mpole hata kwa mbuzi waliolala barabarani. Siku moja alirudi kutoka Beni bila abiria hata mmoja juu ya magunia. Alishuka na ndoo. Aliosha matairi kwa brosi mpaka pipa la maji likakauka. Kuanzia hapo akawa mtu wa kanyanga, ile pombe kali inayopikwa kwa kujificha nyuma ya nyumba.

Alifika kazini akinuka. Aligonga geti kwa lori. Asubuhi moja mlinzi wa stoo alimwomba funguo za lori, naye akachukua manivela, kile chuma cha kuwashia injini, akampiga nayo begani. Tulisikia mfupa ukivunjika. Wapakiaji wakamwangusha shofeli, wakampiga mateke mpaka damu ikamtoka puani na masikioni.

Patro, mwenye depo, akatoka mbio kwenye bureau, ofisi yake. "Mumuache! Mutamuua!"

"Umufukuze basi!" wakapiga kelele.

"Nikimufukuza atakufia mu mufereji. Ile barabara ya Beni, ni miye nilimutuma. Atabaki, lakini lori hapana. Mama, atapasua kuni kwako, infirmier atakuwa anakuja kumuangalia."

"Kwangu?" nikasema. "Mutu mwenye kuvunja benzake mifupa, unamupatia shoka?"

Patro alikwisha kuinama. Alikuwa anamwinua shofeli.

Infirmier, yaani muuguzi, alikuja kila asubuhi na vidonge. Shofeli alinyimwa kanyanga, akatetemeka, akatapika, akaanza kuona watu ambao sisi hatukuwaona. Mchana mmoja aliruka na shoka mkononi: "Mutoke chini ya matairi! Mutoke!" Akakata sufuria ya maharagwe. Pigo la pili lilipita karibu na shavu langu, nikahisi upepo wake. Nikashika ukuni uliokuwa unawaka, nikampiga kwenye kifundo cha mkono. Shoka likaanguka. Alikaa katikati ya maharagwe akilia, nami nikalipiga shoka teke mpaka ukutani. Siku ile nilimchukia kabisa.

Kesho yake nilikuta amewasha moto, mkono umefungwa bandeji.

"Mama, unisamehe."

"Pasua kuni," nikamwambia.

Alipasua kwa mkono mmoja. Kisha, bila kunitazama, akanieleza. Askari walisimamisha lori lake, wakashusha abiria, wakawafyatulia risasi pale barabarani. Halafu wakamwekea bunduki sikioni: pita juu yao.

"Bengine balikuwa bangali bazima, Mama. Nilisikia."

Niliinjika maji. Nilimpa chai.

Alianza kula, akaanza kulala. Mlinzi wa stoo alikataa kugusa chakula cha jikoni mwetu, na sikumlaumu. Kisha askari wakaingia depo. Walitaka lori na mtu wa kuliendesha, na mtu mmoja wa depo akaonyesha jikoni, alipokuwa shofeli. Komanda wao alikuwa na chupa mkononi. Akamnyooshea shofeli.

"Mela!" akasema kwa Lingala. Kunywa.

"Mi hapana kunywa tena, afande. Na lori, mi hapana endesha."

Kitako cha bunduki kikampata mdomoni. Akaanguka, meno yakatapakaa juu ya majivu. Wawili wakamfungua taya, komanda akamwaga pombe humo, naye akaitema yote pamoja na damu kwenye viatu vya komanda. Nilidhani watammaliza. Wakampiga mpaka wakachoka, wakavunja vioo vya bureau, wakampiga patro pia, wakaondoka na lori wakiliendesha wenyewe.

Ningependa kusema kwamba hakunywa tena maisha yake yote. Alikunywa. Baada ya mazishi ya dada yake, aliyeuawa shambani kando ya Oicha, tulimwokota sokoni amelala kwenye matope. Patro alimrudisha jikoni, infirmier akarudi na vidonge vyake, tukaanza upya. Safari ile ilichukua muda mrefu zaidi, lakini ilishika: hakunywa tena.

Usukani hakuugusa tena. Patro alipowaleta madereva wengine waliotekwa na chupa, ni yeye aliyekaa nao. Mmoja tulimzika. Wengine walirudi barabarani. Kila dereva mgeni alipoanza kurusha ngumi, shofeli alimkumbatia kwa nguvu kutoka nyuma, akipigwa viwiko mbavuni, mpaka yule mtu akachoka.