Kilo Saba za Ngozi

Alipokuwa na kilo mia na themanini na nne, Lango hakuwahi kumpiga mtu. Hilo lisemwe mapema, maana waliokuja kumjua baadaye hawataki kuliamini. Miaka kumi na tisa alisimama mlangoni pa ukumbi wa kutazama mpira, jengo la mabati lenye skrini kubwa na viti vya plastiki, ambalo Jumapili mchana hujaa mpaka wengine wanatazama kwa masikio. Mlevi akianza fujo, Lango hakuinua mkono. Alimwendea taratibu, akamwekea tumbo kifuani, akatembea. Basi. Mlevi alirudi kinyumenyume na matusi yake yote mdomoni hadi akajikuta nje juani, na mara nyingi aliishia kucheka mwenyewe. Utagombana vipi na ukuta unaotembea? Jina la Lango alipewa kwa heshima, na mwenye ukumbi alikuwa akijisifu kwamba hajawahi kununua rungu.

Kilichomwondoa kwenye unene ni mguu. Alikuwa na sukari, kidole kikapata kidonda, kidonda kikakataa kupona, na daktari wa kliniki akamwambia bila kuzunguka: ama uzito uondoke, ama mguu. Lango akapiga moyo konde. Alitembea kila asubuhi huku akihema, alikula mboga za kuchemsha zisizo na chumvi, na mkewe alitia kufuli kabati la chakula akatembea na ufunguo kifuani. Siku mbili za kwanza yule bwana alilia kwa njaa, machozi kabisa. Baada ya miaka miwili na nusu alikuwa na kilo tisini na moja na miguu yote miwili.

Lakini ngozi haikupewa taarifa. Nyama ilikwenda, ngozi ikabaki. Ya tumbo ilianguka mbele hadi katikati ya mapaja, ya mgongo ilikaa matabaka, na ya mikono ilining'inia chini ya makwapa. Katikati ya mikunjo jasho lilioza, vidonda vikafunguka, vikatoa damu na harufu ambayo mwenyewe aliisikia kabla ya mtu mwingine yeyote. Mkewe alikuwa dobi katika hoteli moja. Alileta nyumbani mashuka yaliyokataliwa kwa madoa, akayachana vipande vipana, na kila asubuhi aliinua ile ngozi kwa mikono miwili kama anavyoinua shuka lililolowa, akaosha chini yake, akakausha, akapaka poda, kisha akamfunga mizunguko mitatu.

"Kaza," Lango alikuwa akisema.

"Nikikaza zaidi utapumulia wapi, mume wangu? Masikioni?"

Wakacheka. Walikuwa watu wa kucheka sana wale.

Kazini ndiko mambo yalikoharibika. Jumapili ya kwanza baada ya kurudi kutoka likizo yake ndefu ya ugonjwa, mlevi mmoja alivunja kiti, na Lango akamwendea kama miaka yote, tumbo mbele. Ni kosa ambalo lingeweza kufanywa na yeye peke yake: mwili ulikuwa umesahau kwamba tumbo halipo. Mlevi alimpita pembeni kama anavyopita kwenye nguo zilizoanikwa, akageuka, akamchapa kofi la shavu. Ukumbi mzima ukaacha kutazama mpira.

"Lango limekuwa pazia!" mtu akapiga kelele, na kabla mechi haijaisha jina la Pazia lilikuwa limeshika.

Mwenzake wa zamu, mwanajeshi mstaafu waliyemwita Koplo, alimhurumia akampeleka nyuma ya tangi la maji. Kwa michana mitatu alimfundisha ngumi fupi, ile inayotokea nyongani na kuishia chini ya kidevu. "Usimwonee mtu huruma, kaka," Koplo alisema. "Wao hawakuonei." Lango alishika somo upesi. Wa kwanza alimtoa jino. Wa pili alimvunja mbavu mbili. Wa tatu hakuwa hata mlevi, alitaka tu kuingia tena baada ya kwenda haja, na Lango akadhani anatazamwa tumboni. Sitaki kumtetea. Mkono ulikuwa mwepesi na utamu wa kupiga ulikuwa umemwingia. Usiku aliufumba na kuufumbua mkono ule kitandani, mkewe akijifanya amelala.

Ndipo akaja fundi wa kuchomelea. Ni jirani, nyumba ya tatu, na ndiye aliyechomelea nondo za madirisha yao. Siku ya nusu fainali alilewa, akagombania kiti, na Lango alipomshika ukosi, fundi naye alishika alichokipata. Alipata shati, na ndani ya shati akapata ngozi. Akaikunja mkononi, akaivuta, akamshusha nayo Lango ngazi tatu za mlangoni kama mtu anayevuta gunia. Mashuka yakafunguka. Ngozi ikachanika kwenye mkunjo, damu ikatapakaa sakafuni, na watu, badala ya kuamua ugomvi, wakatoa simu wakapiga picha.

Lango aliinuka. Ngumi ya pili ilivunja taya, na mlio wake ulisikika hadi viti vya nyuma. Hakuacha. Fundi alikuwa ameshalala chini, macho yamegeuka meupe, na Lango alikuwa bado anamshukia usoni, ngozi yake mwenyewe ikimwagikia juu ya mtu anayempiga. Ilibidi Koplo na wanaume wengine wanne wamng'oe pale.

Alikaa mahabusu siku mbili. Fundi, mdomo umefungwa waya, aliandika kwenye karatasi kwamba yeye ndiye aliyeanza, na kesi ikafa. Miezi miwili alikunywa uji kwa mrija. Lakini mke wa Lango hakuandika karatasi yoyote. Alimkalisha mumewe kwenye stuli, akamsafisha pale palipochanika, na alipomaliza hakumfunga.

"Nimekufunga ngozi miaka na sijachoka," alisema. "Hasira yako siwezi kuifunga. Ukimpiga mtu mmoja tena, mmoja tu, mimi naondoka. Sitapiga kelele, sitaita wazee wa pande zote mbili. Naondoka."

"Si mimi, mke wangu. Ni hii." Akainua ile ngozi kwa mikono miwili, akamwonyesha kana kwamba mkewe hajawahi kuiona. "Wakiicheka hii, damu inachemka. Itolewe hii, nitarudi kuwa yule yule."

Aliamini alichosema. Na mkewe akaamini pia, kwa sababu alimtaka yule yule arudi, na mtu akitaka kitu sana hachunguzi.

Daktari wa upasuaji alikuwa mwanamke mfupi wa miwani, mwenye mikono midogo na ulimi usioficha. Alimsimamisha Lango uchi kwenye taa, akamchora mistari ya kalamu kuzunguka kiuno chote. "Mimi nakata ngozi tu," alisema. "Sukari yako nimeiona, imetulia. Kuna kingine kinachokusumbua?"

"Kitatoka pamoja nayo," Lango alijibu.

Walimkata kwa muda wa saa sita. Walianzia nyonga moja, wakapita tumboni hadi ya pili, wakamgeuza, wakazungukia mgongoni mpaka mikato ikakutana. Wakaichuna ile ngozi na mafuta yake kutoka juu ya misuli kidogo kidogo, wakichoma kila mshipa uliotoa damu, na chumba kikanuka nywele zilizoungua. Kitovu walikiacha kwenye mzizi wake, wakakitobolea tundu jipya juu. Kisha wakavuta kingo mbili, ya juu na ya chini, kwa nguvu ambayo muuguzi mgeni aliionea aibu, wakashona. Wauguzi wawili walibeba beseni. Mizani ilisema kilo saba na robo.

Alipoamka, alihisi amekatwa vipande viwili akaunganishwa na mtu mwenye haraka. Mirija minne ilitoka ubavuni, ikidondosha maji mekundu. Mkewe alikuwa kwenye kiti, viatu amevua.

"Imetoka?" Lango alinong'ona.

"Imetoka yote. Kilo saba. Ningeijua mapema ningekuwa nadai posho ya kuibeba."

Alicheka, na kicheko kikamchoma nyuzi zote, akalia, akacheka tena.

Wiki tatu nyumbani zilikuwa nzuri, na ndizo zinazoniudhi zaidi. Alitembea amejikunja, amebanwa na mkanda wa hospitali. Mkewe alimwaga maji ya mirija, akayapima kwa kikombe, akaosha mshono asubuhi na jioni. Siku moja Lango alichomeka shati ndani ya suruali. Alikuwa hajafanya hivyo tangu ujana wake, na alisimama mbele ya kioo mpaka chai ikapoa. Mkewe alikuwa akipiga pasi, na alimsikia akiimba. Aliimba wimbo wa kazini kwao, vibaya sana, na Lango akajiambia: nimepona.

Siku ya ishirini na moja, asubuhi, mwenye ukumbi alipiga simu. Alimpa pole, akamshukuru kwa miaka yote, akamtakia mapumziko mema. Mlango, alisema, ameshampa Koplo, kama shemeji alivyoomba.

Lango aliweka simu mezani. Alikwenda jikoni, mkono mmoja ukutani. Mkewe alikuwa kwenye sinki, akiosha kile kikombe cha kupimia.

"Ulikwenda ukumbini?"

"Nilikwenda," alisema mkewe bila kugeuka. "Jana, nilipotoka kazini."

"Kusema nini?"

"Kusema mlango basi. Daktari amesema usibebe wala usivutane na mtu, na mimi nimesema usirudi kabisa. Kazi zipo. Hata kufua nitakufundisha." Akageuka akamtazama, shati lake limechomekwa, mguu mmoja una soksi na mwingine hauna, na akacheka kidogo. "Utakuwa dobi mzuri wewe."

Kilikuwa kicheko kile kile cha kila asubuhi. Hapakuwa na mtu wa tatu pale. Hapakuwa na ngozi ya kuchekwa. Ilikuwa imechomwa moto wiki tatu kabla. Ngumi ikatokea nyongani, fupi, ikapita kidevu, ikaishia mdomoni.

Mkewe alianguka na ndoo iliyokuwa miguuni pake, kichwa kikagonga kabati, damu ikamjaa mdomoni. Na Lango, aliyezungusha kiuno kama alivyofundishwa, alisikia kitu kikiachia ubavuni kushoto, uzi mmoja baada ya mwingine. Akatazama chini. Shati lilikuwa jekundu na mguu ulikuwa unalowa. Akakaa sakafuni, mbele ya mkewe, bila kupenda.

Mkewe ndiye aliyeinuka kwanza. Alitema damu kwenye sinki, na pamoja na damu jino. Akachukua taulo safi, akapiga magoti, akaligandamiza kwenye jeraha la mumewe kwa uzito wake wote, na kwa mkono mwingine akapiga simu kuita gari. Lango alimwambia samahani. Alimwambia mara nyingi, njia nzima. Mkewe aligandamiza taulo.

Daktari alimtia ganzi kuanzia kiunoni kwenda chini, akamshona upya. Alipomaliza akauliza imefunguka vipi.

"Nilikohoa," Lango alisema.

Daktari akaushika mkono wake wa kulia, akaugeuza kwenye taa. Kwenye mafundo ya vidole palikuwa na michubuko miwili mirefu. Akamtazama mke, aliyekaa kwenye benchi na midomo imevimba na kupasuka.

"Kikohozi chako kina meno," alisema. Akaosha na ule mkono pia, kwa dawa inayochoma, na hakuharakisha. Kisha akavuta fomu. "Jeraha hili litaoshwa mara mbili kwa siku, wiki sita, na liko mahali ambapo mwenyewe hulifikii. Nyumbani kuna wa kukuhudumia?"

"Yupo," Lango alisema haraka, akamwonyesha mkewe kwa kidevu.

"Hayupo," alisema mkewe.

Neno lilitoka limepinda kwa sababu ya mdomo, na daktari akamwomba arudie. Akarudia. Akachukua mkoba wake, akaagana na muuguzi kwa kichwa, akatoka. Lango alitaka kumfuata, lakini ganzi ilikuwa haijaisha na miguu yote miwili, ile aliyoipigania, haikusogea. Daktari akaandika.