Masikio ya Paka wa Babu

Sikuwahi kumpenda paka yule. Nasema hili mapema ili mtu asije akadhani nasimulia habari za mtoto mwema aliyehurumia wanyama. Alikuwa dume la rangi ya majivu, kichwa kikubwa, mkia umevunjika ncha, naye alikuwa wa babu peke yake. Alilala miguuni pa babu, akala mkononi mwa babu, na sisi wengine wa nyumba ile ya Mji wa Kale alitutazama kama wapangaji waliochelewa kuhama.

Babu alifariki mimi nikiwa na miaka kumi na mmoja. Uhuru ulikuwa bado mpya, na bendera za ofisi za serikali zilikuwa hazijapauka rangi. Alikuwa mwalimu wa Kurani, na nusu ya wanaume wa mtaa wetu walikuwa wamepita mbele ya bakora yake. Baada ya mazishi bibi akaingia eda, miezi minne na siku kumi, hatoki, hajipambi, hajitii manukato, wala haonani na mwanamume asiye maharimu wake, yaani anayeweza kumwoa. Alipewa chumba cha juu, akavaa nguo nyeupe, akakaa. Na paka, ambaye hakuna aliyemwita, akapanda ngazi akaenda kukaa naye.

Hapo ndipo tulipoanza kumsikia. Sakafu ya chumba kile ilikuwa ya mbao, na kila paka alipojikuna, mguu wake wa nyuma ulizipiga mbao hizo juu ya vichwa vyetu. Akimaliza kujikuna hutikisa kichwa mpaka masikio yanapigana makofi, kisha huanza tena. Ndani ya masikio yale mlikuwa na uchafu mweusi, mkavu, wa chembechembe, kama machicha ya kahawa yanayobaki chini ya kikombe. Nyuma ya sikio la kushoto alikuwa amejikuna hata ngozi ikatoka na damu ikagandia manyoyani.

Mkuu wa nyumba sasa alikuwa ami yangu, kaka yake baba, kwa kuwa baba alifanya kazi Malindi na kuja mwisho wa mwezi tu. Ami alikuwa msafi kupita kiasi. Kanzu yake ikipigwa pasi, yeye huitazama kwenye mwanga wa dirisha kabla ya kuivaa. Alisema paka ana maradhi na atayasambaza nyumba nzima, kwa hiyo atiwe guniani apelekwe sokoni Mwembe Tayari, akajitafutie panya huko. Ndivyo mtaa wetu ulivyofanya kwa paka aliyekirihisha watu: hakuuawa, maana hakuna aliyetaka dhambi ile, ila alihamishwa. Bibi akakataa. Tulishangaa sote, kwa sababu maisha yake yote bibi alikuwa akimfukuza paka yule jikoni kwa ufagio. Akasema paka hatoki, na kama ami anataka kumtoa, basi amtoe na yeye na eda yake. Ami akanywea, lakini akaapa kwamba paka akizidi kuchafua nyumba, gunia litatumika.

Wiki ya tatu hivi akaja mzee mmoja kutoa pole. Alikuwa Mgiriama, Mkristo, akikaa Tudor, na kazi yake ilikuwa kuwashika na kuwaosha mbwa na paka wa wakubwa wa Kizingo katika nyumba ya daktari wa wanyama. Yeye na babu walijuana tangu ujana wao, kwa njia ambayo sikuwahi kuelezwa. Alikaa barazani na ami, akaanza kusema maneno ya pole kwa utaratibu, na katikati ya maneno hayo paka akapita, akaketi, akaanza kujikuna. Mzee akainama kumtazama. Kisha akauliza ni nani anayemwangalia paka huyu masikio.

Ami aliona haya, nikamfurahia kidogo, maana mimi mtoto nilikuwa na roho mbaya mara mojamoja. Mzee alimnyanyua paka kama anyanyuaye nguo zilizokunjwa, akaligeuza sikio kwa kidole gumba, akaniita. Akaniambia hawa ni wadudu, wadogo kuliko chawa, wanaoishi ndani ya sikio na kula humo humo. Huenda niliguna, kwa sababu aliniagiza nilete nguo nyeusi. Nikaleta buibui kuukuu la mama. Alichota uchafu kidogo kwa pamba, akaupakaza kwenye buibui, akaliweka juani, akaniambia niiname na nisipumue.

Mwanzo sikuona kitu. Halafu vidoa vyeupe, vidogo kuliko chembe ya chumvi, vikaanza kutembea. Mwili ulinisisimka. Muda wote ule nilikuwa nikimchukia paka kwa kelele zake, kumbe kichwani mwake mlikuwa na umati unaotembea hivyo mchana na usiku, na hana mkono wa kuutolea. Nilimhurumia sana, nikajionea haya.

Bibi alikuwa juu, nyuma ya dirisha, akisikia kila kitu na hawezi kujibu neno. Kwa hiyo nikawa mimi wa kupanda na kushuka. Mzee akisema jambo, napanda. Bibi akiuliza swali, nashuka. Aliuliza kama wadudu wale huwaingia watu. Mzee akasema wao humtaka paka, wala tusiwe na hofu. Aliuliza kama dawa yake ni chungu. Mzee akacheka, akasema dawa ni mafuta ya kula, matone machache yaliyopashwa moto kidogo tu, yamiminwe sikioni, kisha shina la sikio lisingwe taratibu kwa vidole mpaka lisikike likichuruzika kwa ndani, halafu aachwe atikise kichwa, na kinachotoka kifutwe kwa pamba iliyozungushwa kidoleni. Kijiti kisiingie kamwe. Ifanyike kila siku kwa siku saba, apumzishwe, kisha ianze tena, mpaka zitimie wiki tatu, maana mafuta huua wanaotembea lakini mayai hubaki yakaanguliwa. Hayo ya mwisho aliniambia mara mbili, akanishika bega.

Mafuta yenyewe yakatuletea kisa. Mafuta ya nazi ya nyumbani kwetu mama alikuwa ameyaloweka asmini, na bibi alipoyanusa aliyasukuma kando. Mjane hagusi mafuta yenye harufu nzuri, hata kama yanakwenda masikioni mwa paka. Mama akasema si yeye anayejipaka. Bibi akajibu kwamba yeye ndiye atakayemshika paka, na mikono ni yake. Ikabidi niende kutafuta mafuta ya uta, yasiyonukia kitu ila ufuta wenyewe, na mwenye duka aliponiuliza ni ya nani nikasema ni ya mgonjwa.

Basi kila siku baada ya swala ya alasiri tulifanya kazi ile. Bibi alimvingirisha paka katika kanga kuukuu, kichwa tu nje, akamkaba mapajani, nami natia mafuta na kusinga. Paka alinguruma, akatema, akachomoa mguu mmoja ambao hatukujua umechomokea wapi, akanipiga. Siku ya tatu mikono yangu ilikuwa na michirizi hadi viwikoni. Bibi hakuwa mwenye maneno matamu na hakumbembeleza. Alimwambia tu, "Tulia, tulia, twakusaidia," kwa sauti ile ile aliyozoea kutuambia sisi tukisukwa nywele. Sikujua kwa nini alijitia katika taabu ile. Nilidhani ni upweke, nikaona ni sababu ya kutosha.

Siku ya saba masikio yalikuwa meupe kwa ndani kama ya mtoto mchanga. Bibi akasema basi, imekwisha. Nyumbani kwetu kila dawa ilihesabiwa saba. Kombe, yale maandiko ya zafarani yaoshwayo kwenye sahani yakanywewa, ni siku saba, na mafusho ni siku saba, na kuizidisha dawa juu ya saba kulionekana kuwa ni kuikosea adabu. Mimi nilijua alivyosema mzee. Lakini mikono iliniwasha, wenzangu walikuwa wakicheza chini kila alasiri, na mtu mzima alikuwa amekwisha kusema imetosha. Nikanyamaza. Nilinyamaza nikijua, na sikuweza kujidanganya kwamba nimesahau.

Majuma mawili hivi baadaye ikawa hitima ya arobaini. Wanaume walijaa chini, ubani ukifuka, sahani za halwa zikipitishwa, na ami amekaa karibu na dirisha ndani ya kanzu mpya. Kila aliyekuja kumpa mkono aliuliza, kama watu waulizavyo, mwisho wa marehemu ulikuwaje, na ami alijibu vilevile kila mara: alitamka shahada, hilo ndilo neno lake la mwisho. Watu wakasema mashaallah, wakamwombea kila mmoja wetu mwisho kama ule. Nilikuwa mlangoni na sinia la vikombe. Niliona jinsi jibu lile lilivyomshikilia ami asianguke, kwa sababu kila akilisema mabega yake yalinyooka.

Paka akateremka. Sijui nani aliacha mlango wazi. Alipita katikati ya watu, akarukia dirishani ubavuni pa ami, akatikisa kichwa kwa nguvu zake zote. Vichembe vyeusi na damu vilimrukia ami kifuani, na mkononi mwa shekhe aliyekuwa akisoma. Kisomo kikasita kidogo, kikaendelea. Uso wa ami ulikuwa umebadilika rangi.

Asubuhi alipanda ngazi na gunia mkononi. Mimi nilikuwa chumbani kwa bibi, na paka amejificha nyuma yangu, ingawa hatukuwa marafiki. Nikamwambia ami kila kitu: kwamba mzee alisema wiki tatu, kwamba nilijua, kwamba ni mimi niliyenyamaza, na kama kuna wa kuadhibiwa ni mimi. Nililia. Ami akasema nimefanya vyema kusema kweli, lakini haibadilishi kitu. Akainama amshike paka.

"Keti, mwanangu," bibi akasema.

Ami akasema ana haraka.

"Keti. Ni la babako."

Akaketi kwenye ukingo wa kitanda, gunia magotini. Bibi hakumtazama. Alitazama mikono yake mwenyewe.

"Babako alitamka shahada. Sikukwambia urongo. Lakini baadaye aliamka. Nyote mulikuwa mumelala. Akanambia, paka yuwaumwa na mashikio, umemwangalia? Nami nilikuwa nimechoka, siku ngapi sijalala. Nikamwambia, hebu lala, bwana, huu si wakati wa paka. Akalala. Hakuamka tena. Wewe wasema neno lake la mwisho ni shahada, na watu wafurahi, nami sikutaka kukuvunja. Lakini neno lake la mwisho ni paka. Na neno la mwisho alilolisikia yeye duniani ni mimi kumkaripia."

Nilimwogopea ami. Miaka ishirini alikuwa akifundishwa na baba yake kwamba neno la mwisho ndilo lenye uzito, na kwa siku arobaini alikuwa amelishika hilo kama fimbo ya kutembelea. Alivua kofia akaiweka kitandani. Akatazama gunia lile, akatazama paka, ambaye alikuwa ameanza kujikuna tena, mguu ukipiga mbao.

Kisha ami, mwenye kuitazama kanzu yake dirishani kabla ya kuivaa, akashuka kitandani akakaa chini sakafuni. Akalikunja gunia mara mbili, akamvuta paka kwa shingo, akamvingirisha humo vibaya vibaya, kwa namna ya mtu asiyewahi kumshika mnyama. Paka akamchana kidole gumba. Hakuachia.

"Haya," akaniambia. "Huanza shikio lipi?"

Nilifungua mdomo, lakini bibi alinitangulia. Machozi yalikuwa yakimtoka, ya kwanza tangu siku ya mazishi, wala hakuyafuta.

"La kushoto," akasema. "Ndilo babako alilonionyesha usiku ule."

Nikashuka jikoni kupasha mafuta.