Mwaka Tuliomlisha Mwalimu

Baba alikuwa akishuka kutoka shamba la maharage aliposikia kelele zikitoka shuleni. Alidhani nyoka ameingia darasani. Akaweka jembe chini, akakimbia mpaka dirishani, na dirisha lenyewe lilikuwa tundu tu kwenye ukuta wa udongo. Akachungulia. Hakuona nyoka. Alimwona binti yake mkubwa, dada yangu, amesimama juu ya benchi, mikono ameikumbatia kifuani kama mtu anayetetemeka kwa baridi, akiongea kwa sauti ya mwalimu wetu. Alivuta mwisho wa kila neno vile vile mwalimu alivyouvuta: "Watotooo, kaeni chiniii." Darasa zima lilikuwa hoi kwa kicheko. Na mwalimu mwenyewe alikuwa mle mle ndani. Alikuwa ametugeuzia mgongo, anaandika kwenye tablo, ubao wetu mweusi, herufi zilizopinda, wala hageuki.

Mimi nilikaa benchi la mbele, nikawa wa kwanza kuuona uso wa baba. Nilifikiri ataingia. Hakuingia. Alimtazama mwalimu kwa muda, si dada, kisha akaokota jembe lake akaenda.

Tulikaa upande wa Muheto, kwenye vilima vya Masisi, ambako asubuhi ukungu hulala juu ya mashamba mpaka jua lipande vizuri. Miaka ya hamsini ilikuwa bado michanga. Shule ilikuwa ya misheni, nyumba moja ya udongo na nyasi, wavulana upande mmoja na wasichana, tuliokuwa wachache, upande wa pili. Mwalimu alitumwa kwetu kutoka Walikale, kule msituni kwenye joto. Alikuwa kijana bado, mwembamba, mwenye shingo ndefu. Baridi yetu ilimwonea. Alivaa shati juu ya shati, alikohoa, na asubuhi vidole vyake vilishindwa kushika chaki. Kiswahili chake kilikuwa na mwendo wa kwao. Basi, hayo yalitosha kumfanya mchezo wetu.

Akigeuka kuandika, wavulana walipigapiga miguu chini mpaka vumbi linapanda. Akiuliza swali, mmoja anajibu kwa Kihunde, lugha yetu, jambo la ajabu, wengine wanaanguka kwa kicheko, naye anasimama pale asielewe. Kiti chake kiliwahi kutandikwa majani ya upupu. Yeye alikung'uta kiti, akakaa, akasema, "Tuendelee." Hakuwahi kumpiga mtu.

Jioni ile baba hakugusa bugali. Alimwita dada, akamkalisha mbele yake karibu na moto.

"Mwalimu alikukosea nini?"

"Hakuna, Papa."

"Alikupiga?"

"Hapana. Yeye hapigi muntu."

"Alikutukana?"

"Hapana."

"Sasa ni nini?"

Dada alitazama majivu. Alikuwa msichana mwenye kipaji cha kuiga. Aliweza kuiga kuku, mhubiri, hata mlango wetu ulivyolia ukifunguliwa, na sisi wote nyumbani tulikuwa tukimchekea tangu akiwa mdogo.

Kesho yake baba alipita kwa majirani, akakuta kila nyumba ina lake. Mama mmoja alisema mwanawe, alipomtuma maji, alimrudishia maneno yake mwenyewe kwa sauti ya kumwigiza. Baba mwingine alisema watoto walimpigia mluzi mzee wake njiani. Jirani yetu aliyefuga nyuki, mtu mkali ambaye wanawe wawili walisoma nasi, alisema neno lililoninyima raha siku zile zote: "Kama masomo njo inaharibu watoto, wangu watarudi shambani."

Nilikuwa ndiyo kwanza nimejua kusoma. Nilikuwa nimefika mahali ambapo herufi zinaacha kuwa vijiti na ghafla zinasema kitu. Wazo la kurudishwa shambani wakati huo lilinifanya nizichore herufi kwenye majivu kila jioni, nisizisahau.

Jumapili, baada ya ibada, wazazi walikusanyika kwenye majani mbele ya shule. Mwalimu aliletewa kiti, akakataa, akasimama. Sisi watoto tuliambiwa tukae kando, tusikie.

Mfuga nyuki alianza. "Mwalimu, sisi tulikupa watoto. Tunakupa na fimbo pia. Kwa nini huwapigi?"

"Papa," alisema mwalimu, "mimi nilipigwa sana shuleni. Nilijifunza kukimbia. Kusoma nilikuja kujifunza kwa mwalimu mwingine, ambaye hakunipiga."

"Basi hawatakuogopa."

"Ni kweli, Papa. Hawaniogopi."

Alisema hivyo kwa unyenyekevu mwingi hata watu wengine wakacheka, kisha wakaona aibu ya kucheka. Wanaume wakaanza kuongea wote pamoja. Huyu alitaka mwalimu mwingine aombwe misheni, yule alitaka watoto wafungiwe kwa juma zima wakipalilia. Baba yangu aling'oa majani mbele yake, moja moja. Bado alikuwa na uso ule aliokuja nao dirishani.

Ndipo mama aliponyanyua kichwa. Alikuwa amekaa na wanawake, anamnyonyesha mdogo wetu, na hakuwa mtu wa kusema mbele za watu.

"Mwalimu, samahani. Jana jioni ulikula nini?"

Kelele zikaisha. Mwalimu alimtazama kama aliyeulizwa kwa lugha asiyoijua.

"Viazi, Mama. Nilichoma viazi."

"Na nani?"

"Peke yangu."

"Na juzi?"

Mama alimhamisha mtoto ziwa la pili, akawageukia wazazi wenzake.

"Huyu muntu alikuja wakati wa kupanda. Sasa tunavuna. Sisi wote tunapita mbele ya mulango wake na kuni kwenye kichwa, na hakuna mwenye alimwachia hata kijiti kimoja. Ao iko mwenye alimwachia? Aseme." Aliwazungushia macho. "Watoto wanatuangalia. Wanaona ni muntu asiye na watu wake. Kesho atakula kwangu. Kesho kutwa atakula kwa nani?"

Mwanamke mmoja nyuma akainua mkono, halafu mwingine. Mfuga nyuki alijikuna kidevu akitazama chini.

"Asali iko kwangu," alisema mwishowe. "Inasaidia kifua. Hiyo kikohozi yake haiko muzuri."

Dada alinishika mkono akanifinya mpaka nikaumia. "Kwetu?" alinong'ona. "Aje kwetu?"

Kesho yake mwalimu alikuja jua likiwa bado halijazama, amenawa uso, mashati yote mawili yamefungwa vifungo mpaka shingoni. Mama alikuwa amepika maharage na viazi vitamu, na sombe, majani ya mihogo yaliyotwangwa, aliyoipata kwa mtu aliyetoka chini kwenye joto. Dada ndiye aliyeamriwa kumnawisha mgeni mikono. Nilimwona akimimina maji bila kuinua macho, na mwalimu akasema, "Asante, dada," kama anavyosema mtu kwa dada yake wa nyumbani. Maji yakamwagika miguuni mwao wote wawili.

Alipoonja sombe alifumba macho. "Mama yangu anaipika hivi," alisema. "Ila yeye anatia mawese mengi, mpaka mikono inakuwa nyekundu." Kisha akaanza kutueleza habari za kwao: jinsi miti ilivyo mirefu hata mvua huanza juu na wewe chini hujalowa bado, jinsi baba yake alivyokuwa mwindaji na jinsi mama yake alivyolia siku mwanawe alipopewa kazi ya milimani, akisema huko watu hufa kwa baridi.

Bibi yetu, mama wa baba, alimsikiliza ameinamisha kichwa upande. Halafu akamkatiza.

"Wewe unavuta maneno kama muntu anavuta mbuzi hataki kutembea!"

Tuliganda. Mwalimu alimtazama, akaangua kicheko ambacho hatukuwahi kukisikia shuleni.

"Na wewe, bibi, unayakata kama kuni!"

Bibi alicheka mpaka akashika mbavu. Wakaendelea hivyo, huyu anamwigiza huyu, na dada, aliyekuwa amejibanza karibu na mlango, aliwatazama kwa macho makubwa. Kumbe jambo lile lile lilikuwa likifanyika mbele yake, lakini halikumuumiza mtu.

Kabla mgeni hajaaga, baba aliuliza swali lililokuwa limemkaa moyoni. "Mwalimu, huyu mukubwa wangu, anasoma namna gani?"

Dada alirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa mlango. Baba alijua alichokiona, na mwalimu hakujua kwamba baba anajua.

"Ana sauti nzuri," alisema mwalimu. "Mukikubali, nitaomba awe anasomea wenzake hadithi za Biblia, kwa sauti. Mimi kifua kinanisumbua."

Baba aliinama kuchochea moto ingawa ulikuwa unawaka vizuri tu.

Sitasema darasa lilinyooka siku moja. Mwalimu alizunguka nyumba kwa nyumba, na nyumba alimokwisha kula, watoto wake walikuja shuleni wametulia kidogo, maana ni vigumu kumpigia miguu mtu ambaye jana mama yako alimwita mwanangu na kumwongezea maharage. Lakini nyumba hazikwisha haraka, na wavulana wakubwa wa nyuma walikuwa na kichwa kigumu. Asubuhi moja tuliingia tukakuta upupu tena kitini, umetandikwa vizuri, na mwalimu yuko nje anapiga kengele.

Dada alikwenda mbele, akayazoa yale majani kwa mikono mitupu, akayatupa dirishani. Alirudi kukaa, mikono ameificha chini ya benchi. Mwalimu alipomwita asome, alisimama, na sauti ilikuwa ile ile nzuri, lakini Biblia ilimcheza mikononi. Mwalimu alisogea akaona viganja vilivyovimba. Akatazama kiti chake. Akaelewa.

Alitoka nje, akarudi na majani fulani aliyoyasugua mpaka yakatoa maji, akampaka taratibu kidole kwa kidole, sisi sote tukitazama. "Nani alikufundisha kushika upupu?" alimuuliza kwa upole.

"Hakuna muntu," alisema dada, machozi yakimshuka.

Mwana mkubwa wa mfuga nyuki aliinuka kule nyuma. "Ni mimi niliweka," alisema. Mwalimu alimwita aje kushika Biblia ili dada asome bila kuigusa. Alisimama pale kama kinara mpaka hadithi ikaisha, masikio yamemwiva.

Wakati wa kiangazi mama yake mwalimu alikuja. Alitembea kutoka Walikale na watu wa soko, mzigo wa mawese na nyama iliyokaushwa mgongoni, mwanamke mdogo wa umbo, amejifunga vitambaa mpaka masikioni kwa kuogopa baridi yetu. Alikuwa amekuja kumchukua mwanawe. Alitwambia hivyo waziwazi, nyumbani kwetu, huku mama akimkanda miguu kwa maji ya moto. Lakini alikaa, akazungushwa kama mwanawe alivyozungushwa, kila jioni nyumba nyingine, na hakuna aliyemsikia akitaja tena habari ya kuondoka na mtu.

Siku alipoaga, watu walimsindikiza mpaka njia inapoanza kushuka. Dada aliomba kubeba mzigo wake, ambao sasa ulikuwa maharage na chupa ya asali. Walipofika, yule mama alimshika shavu. "Wewe ni nani kwa mwanangu?"

Dada aliuhamisha mzigo bega la pili.

"Huyu njo ananisaidia kufundisha," alisema mwalimu.

Yule mama akamkumbatia dada, akaongea naye kwa lugha ya kwao maneno ambayo hatukuyajua na ambayo mwalimu hakututafsiria. Kisha akashuka. Tulimtazama mpaka kitambaa chake kikapotea kwenye migomba. Mfuga nyuki alisema mvua inakuja, na kweli ilikuwa inakuja upande wa Mweso, nasi tukageuka kurudi, wakubwa kwa wadogo, tukikimbia.